Kikwata: namna ya kupanda fensi ya miiba ambayo nyuki nao wanaipenda

Kila mvua ikikaribia meseji zinaanza. Mbegu za kikwata nachemsha au sichemshi, fensi itazuia mbuzi baada ya muda gani, mbona miche yangu imepukutisha majani yote, imekufa au vipi, na wengine wanauliza ni kweli huo mti unamaliza malisho. Nimekuwa nikijibu mmoja mmoja, leo nimeamua kuandika yote kwa mkupuo mmoja. Soma mpaka mwisho kabla hujauliza maana matatizo ya kawaida nimeyaweka kule chini.

Mimi niko Longido, kaskazini mwa Tanzania, huku mvua ni ya kubahatisha na fensi ya waya ni hela nyingi, halafu hata ukishaifunga ukigeuka tu kuna kipande kimeng'olewa. Boma langu nimelizungushia kikwata, huu mwaka wa saba, na mizinga yangu inategemea maua ya kikwata hicho hicho. Kwa hiyo haya ni mambo niliyoyafanya kwa mikono yangu, mengine niliyakosea kwanza ndio nikayajua.

Hakikisha kwanza ni kikwata kweli

Hapa watu wanapotea sana. Kuna sehemu jina kikwata linatumika pia kwa ule mti wa gundi, na kila kabila lina jina lake, Wamaasai wanaita oiti, Wakamba muthia, Wasomali bilel. Wengine wanakiita tu ngoja kidogo, kwa sababu ukipita karibu kinakukamata shati na huna namna zaidi ya kusimama.

Njia ya uhakika ni kuhesabu miiba. Shika tawi taratibu, angalia pale jani linapotokea. Kikwata kina miiba miwili miwili, mifupi kama nusu sentimita, imejikunja kama kucha za paka, kahawia iliyokolea karibu na weusi. Ukikuta mitatu mitatu, miwili imekaa pembeni na wa katikati umeangalia chini, huo ni mti wa gundi. Ukikuta miiba mirefu myeupe iliyonyooka imechanganyika na mifupi iliyopinda, huo ni mgunga wa kawaida, ule wenye kichwa kama mwavuli. Na ukikuta miiba imetawanyika tu kwenye fimbo bila mpangilio, hicho ni kichaka kingine kabisa.

Angalia na majani. Migunga mingi ina vijani vidogo sana kama manyoya, ila kikwata vijani vyake ni vichache na vipana, vya duara duara, kijani chenye ukijivu, vinakaa wawili wawili na kwa mbali unaweza kudhani vipepeo vimetua kwenye tawi. Maua ni meupe ya maziwa, yako kwenye vishada vifupi kama brashi, na mara nyingi yanatoka kabla mvua hazijaanza wakati kichaka hakina hata jani. Ukisimama chini yake saa moja asubuhi kipindi hicho unasikia mngurumo kabla hujaona nyuki hata mmoja, halafu ukitulia ndio unaona kila kishada kina wawili watatu na miguu yao imejaa chavua. Ni kitu kizuri sana jamani. Maganda yake ni bapa, membamba kama karatasi, yakikauka yana rangi ya nyasi kavu na ndani kuna mbegu mbili tatu.

Kitaalamu zamani kiliitwa Acacia mellifera, na hilo neno la pili maana yake ni mleta asali. Wataalamu wa mimea wakabishana, kwenye mikutano yao ya 2005 na 2011 jina Acacia likaachiwa miti ya Australia, ya kwetu yenye miiba ya kulabu ikawa Senegalia. Kwa hiyo ukiona pakiti imeandikwa Senegalia mellifera hujauziwa kitu kingine, ni hicho hicho.

Na tafadhali, usije ukapanda mathenge ukadhani umepanda kikwata. Mathenge ni mti wa kuletwa kutoka Amerika, una miiba iliyonyooka na maganda manene matamu, na kule Baringo Kenya ulipopandwa miaka ya 80 ulisambaa ukafunga malisho na meno ya mbuzi yakaoza, wananchi mpaka wakaenda kuishtaki serikali. Kikwata ni chetu, kiko hapa tangu enzi na enzi, kinaanzia huku kinapanda Kenya, Somalia na Ethiopia mpaka ng'ambo ya Bahari ya Shamu, Yemen, na kusini kinafika Namibia. Hicho cha kusini kina jina la nyongeza, detinens, yaani mshikiliaji. Walioliweka walishikiliwa, hilo sina shaka nalo.

Vitu vya kuandaa kabla hujaanza

- Mbegu. Okota mwenyewe, au uliza TFS (wakala wa misitu wa Tanzania) kwenye kitengo cha mbegu za miti, kwa Kenya ni KEFRI, taasisi yao ya utafiti wa misitu.
- Viriba virefu, yaani mifuko ya plastiki ya kuoteshea miche, sentimita 20 hadi 25. Vile vifupi vya miche ya mboga usitumie, nitaeleza kwa nini.
- Udongo wa juu, mchanga, na samadi iliyooza vizuri ya mbuzi au ng'ombe.
- Sururu, jembe, mtaimbo kama kwako kuna mawe, panga, na mkasi wa kupogolea wenye mikono mirefu.
- Glavu za ngozi, sio za kitambaa. Shati la jinzi au koti zito la mikono mirefu, na miwani yoyote ya kukinga macho. Kwenye macho sitanii, tawi la kikwata ukiliachia linarudi kwa nguvu.
- Turubai moja, fimbo ndefu yenye kulabu mbele, kamba, vigingi vya kupigia mstari, na madumu ya maji.
- Matawi makavu ya miiba ya kuzungushia miche. Hiki ndicho kitu ambacho kila mtu anasahau.

Muda pia ni kitu cha kuandaa. Miche inakaa kitaluni miezi mitatu mpaka minne, kwa hiyo kama unalenga kuatika, yaani kuhamishia miche kwenye mstari wa fensi, masika ya Machi, mbegu ziwe ardhini Novemba, ukianza Februari umeshachelewa.

Hatua zenyewe

1. Pima na piga hesabu, kisha punguza

Tuseme boma lako ni mita 50 kwa 40. Mzunguko ni mita 180. Fensi nzuri ya kikwata ina mistari miwili iliyoachana nusu mita, na kwenye kila mstari mche hadi mche ni nusu mita, ila mstari wa pili miche inakaa kwenye nafasi za mstari wa kwanza, zigizaga. Hapo unahitaji miche 360 kila mstari, jumla 720, na ya akiba kama 180 kwa ajili ya itakayokufa. Sasa piga hesabu ya maji. Kila mche lita mbili kwa wiki kiangazi cha kwanza, miche 720 ni lita 1,440, yaani madumu 72 ya lita 20 kila wiki. Una maji hayo? Mimi sikuwa nayo.

Kwa hiyo ushauri wangu, na huu ndio nausisitiza kuliko yote humu, panda upande mmoja kwa mwaka. Ule wa mita 40 una miche 160, ni madumu 16 kwa wiki, punda mmoja anamaliza kazi kwa safari chache. Upande mmoja uliomwagiliwa vizuri utakaa miaka na miaka lakini pande nne za kubahatisha utaishia kuwa na mapengo kila mahali, na fensi yenye pengo moja kwa mbuzi ni geti.

2. Okota mbegu kwa wakati wake

Subiri maganda yabadilike kutoka kijani chenye wekundu yawe ya rangi ya nyasi kavu, yawe yanalia kidogo ukiyatikisa. Usisubiri yaanguke, ni mepesi mno, upepo wa siku moja unayapeleka yote. Tandika turubai chini, vuta tawi kwa fimbo ya kulabu, tikisa. Chagua vichaka vilivyonyooka, vyenye afya na vilivyojaa matawi tangu chini, na usiokote kwenye kichaka kimoja tu, pita angalau kumi.

3. Chambua

Anika siku mbili kivulini, pondaponda maganda kwa mkono wenye glavu, peta kwenye ungo kama unavyopeta mchele. Mbegu ni bapa, kahawia. Yoyote yenye kitundu kidogo cha duara tupa, fukusi ameshakula ndani. Zinazobaki zitie kwenye maji dakika kumi, zinazoelea toa. Kama huzisii siku hiyo usiziloweke, ziweke kavu kwenye chupa zikiwa zimechanganywa na majivu, na zisie msimu huo huo maana za kikwata hazikai miaka kama za migunga mingine.

4. Sia bila kuchemsha

Hapa ndipo penye swali namba moja. Mbegu nyingi za jamii ya migunga zina ganda gumu, ndio maana kila mahali utaambiwa mwagia maji ya moto, loweka usiku kucha. Kikwata hapana. Ganda lake ni laini na jembamba, maji ya moto yanaipika mbegu. Mwaka wangu wa kwanza nilimwagia maji yaliyochemka mbegu karibu kilo nzima nilizookota wiki mbili, nikazisia, nikamwagilia kila asubuhi, na hakuna hata moja iliyotoka, nilipofukua nikakuta zimevimba zimekuwa uji. Mzee jirani akaniambia, mwanangu, ile oiti inaota yenyewe mvua ya kwanza ikinyesha, nani aliichemshia porini?

Basi fanya hivi: changanya udongo wa juu ndoo tatu, mchanga moja, samadi moja, jaza viriba, mwagilia jioni, asubuhi weka mbegu mbili kila kiriba, kina kisizidi sentimita moja, fukia, tandaza nyasi kavu kidogo juu. Ndani ya wiki moja hivi utaziona. Zikitoka ondoa nyasi mara moja, zikikaa kwenye kivuli zinarefuka zinakuwa kama uzi.

5. Kitaluni

Mwagilia asubuhi kila siku wiki mbili za mwanzo, baadaye siku moja ndio moja sio. Ikifika vijani vinne vitano ng'oa mche dhaifu ubaki mmoja kwa kiriba, na usiuvute, ukate na mkasi ili usimtikise mwenzake.

Mzizi wa kikwata unakwenda chini haraka kuliko unavyoona juu. Juu mche una sentimita kumi, chini mzizi umeshafika mwisho wa kiriba, na kiriba kikiwa kifupi mzizi unajikunja kama chemchemi ya kitanda, huo mche hata ukiuatika hautasimama vizuri. Ndio sababu ya viriba virefu. Na kila baada ya wiki mbili inua viriba, ikate mizizi iliyotokeza chini, hamisha kidogo. Mwezi wa mwisho punguza maji ili miche izoee shida.

6. Chimba mtaro

Usichimbe shimo shimo, chimba mtaro mmoja unaofuata kamba, upana sentimita 80 ili mistari yote miwili ikae humo, kina 40. Udongo wa juu weka upande huu, wa chini upande ule. Rudisha udongo wa juu kwanza umechanganywa na samadi, na usijaze mpaka juu, acha sentimita kumi mtaro uwe chini ya usawa wa ardhi ili maji ya mvua yatulie humo. Kama eneo lina mteremko, kila mita mbili weka kizuizi cha udongo ndani ya mtaro, la sivyo maji yote yatakimbilia mwisho na miche ya juu itakufa kiu mvua ikiwa inanyesha.

Fanya hii kazi kiangazi, usingoje mvua.

7. Atika

Mvua ikishalowesha udongo kama urefu wa kiganja na vidole, sio ile ya kwanza ya vumbi, ndio unaatika. Miche iwe na sentimita 30 hivi. Fanya jioni. Chana kiriba kwa wembe, toa mche na udongo wake wote, shindilia kwa kisigino pembeni, sio juu ya mzizi. Kiriba usizike, na usikiache porini, mbuzi na ng'ombe wanakula plastiki na inawaua.

8. Zungushia miiba mikavu siku hiyo hiyo

Siku hiyo hiyo nimesema. Majani ya kikwata ni chakula kizuri sana cha mbuzi, kondoo na ngamia, na mche mdogo miiba yake bado ni laini, mbuzi anaukata kama mchicha. Zungushia matawi makavu pande zote mbili za mtaro, kimo cha kiuno, mashina yaelekee ndani na ncha nje. Utayabadilisha kila yanapooza, mpaka mwaka wa tatu. Kuna mtu alinipigia simu analia miche yake 200 imeliwa alasiri moja, alikuwa amepanga aje kuzungushia kesho.

9. Kiangazi cha kwanza

Lita mbili kwa mche kwa wiki, mimina polepole, afadhali mara moja kwa wiki nyingi kuliko kidogo kila siku, maana maji kidogo yanafundisha mizizi kukaa juu. Palilia mtaro, tandaza majani makavu. Mwaka wa pili maji mara moja kwa mwezi yanatosha kama mvua zimekuwa mbaya, na mwaka wa tatu achana nacho.

10. Kata kichwa, kisha suka

Hapa watu wanaona uchungu. Mche ukifika kama mita moja, ukate ubaki sentimita 50. Ndio, nusu nzima. Usipokata unapanda juu na chini unabaki mtupu, mbuzi wanapita wakitembea. Ukikata unatoa matawi ya pembeni, na hayo ndiyo yanayofunga. Mwaka unaofuata kata tena kwenye mita moja. Matawi marefu ya pembeni yapindishe uyapitishe kwenye mche wa jirani, kulabu zenyewe zinashikana, huhitaji kamba nyingi.

Kufanya kazi ndani ya kikwata kuna adabu yake. Ukikamatwa usivute. Miiba imepinda kurudi nyuma, ukivuta mbele inazama zaidi na tawi la pili linakufuata. Rudi kule kule ulikotokea hatua moja, tulia, ngoa mmoja mmoja kwa mkono mwingine. Ukichomwa safisha kwa maji na sabuni, toa ncha kwa kibano, na kama hujapata sindano ya pepopunda siku nyingi nenda kituo cha afya, usisubiri kidole kivimbe.

11. Nyuki

Kikwata kinaanza kutoa maua ya maana mwaka wa nne wa tano. Kinachowashangaza wengi ni kwamba maua yanatoka kwenye matawi ya zamani, kwa hiyo ukiinyoa fensi yote kila mwaka kama bustani ya hoteli hutaona maua. Mimi napogoa upande wa ndani mwaka huu, wa nje mwaka unaofuata, na napogoa maua yakishaisha, sio kabla. Kama una eneo la ziada, panda vikwata kumi ishirini pembeni kwa nafasi ya mita nne au tano na usivikate kabisa, hivyo ni vya nyuki tu.

Mizinga iweke mbali na boma, mita 300 si mbali, nyuki wanaruka zaidi ya hapo bila shida, na mbuzi aliyefungwa kamba karibu na mzinga anaweza kuuawa. Tundika mizinga mapema, kabla maua hayajafunguka. Asali yake ni ya rangi ya mwanga, tamu bila ukali.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

Kuchemsha mbegu, nimeshasema. Kuatika mvua ikiwa inaisha kwa sababu mtaro haukuwa tayari. Kupanda kwenye mbuga ya udongo mweusi unaotuamisha maji, mche mdogo mizizi inaoza, tafuta mwinuko.

Na kubwa kuliko yote ni kumwaga mbegu kwenye malisho ukidhani unasaidia. Swali la kikwata kumaliza malisho jibu lake ni ndiyo, kinaweza, mahali ambapo nyasi zimeshaliwa mpaka zikaisha. Mizizi yake ya pembeni inatambaa mbali karibu na uso wa ardhi na inakunywa maji kabla ya nyasi. Namibia na Botswana kuna maeneo makubwa kimefunga kabisa, ng'ombe hawaingii, huko Namibia wanakikata kwa wingi wakichoma mkaa. Sio kosa la mti, nyasi zikiwa nzima na moto na mifugo vikiwa kwa kiasi miche mingi haifiki mbali. Lakini wewe usiongeze mzigo. Panda kwenye mstari wa fensi, na kila mwaka zunguka na jembe, miche inayoota nje ya mstari ing'oe ikiwa bado midogo. Ikishakuwa mikubwa ukikata juu inachipua, inabidi uchimbe na uikate chini ya ardhi kwenye shingo ya mzizi.

Kingine, kikwata cha porini usikate ovyo kwa sababu tu mbao yake ni ngumu na mchwa hawaiwezi. Kwa nguzo na mkaa kuna vibali, waulize maofisa misitu.

Ukipata matatizo

*Mbegu hazijatoka wiki mbili zimepita.* Fukua tatu nne. Zikiwa uji, ni maji ya moto au maji mengi mno. Zikiwa ngumu zina kitundu, ni fukusi. Zikiwa nzima kabisa, umezifukia chini sana au kiriba kinakauka juu mchana, rudisha nyasi kidogo.

*Miche inaota halafu inalala shingoni na kufa.* Huo ni ukungu wa udongo mbichi. Punguza maji, ongeza mchanga, ondoa kivuli, na samadi hakikisha imeoza kweli.

*Majani ya njano kitaluni.* Mara nyingi mizizi imegonga chini ya kiriba. Inua uone kabla hujaongeza mbolea.

*Kiangazi majani yote yameanguka.* Hiyo ni tabia yake, kinapukutisha ili kitunze maji. Kwaruza gome kwa kucha karibu na chini, ukiona kijani kiko hai, acha kukiongezea maji kwa hofu. Ukiona kahawia kavu mpaka chini, hicho kimekufa, weka wa akiba mvua ijayo.

*Mchwa wanakula miche michanga.* Shina likikomaa hawaligusi, ila mche wenye kiu wanaumaliza. Usirundike majani makavu yakagusa shina, acha nafasi ya kiganja kuzunguka, nyunyiza majivu, na mwagilia kwa ratiba.

*Dikidiki na sungura wanapita kwenye miiba mikavu.* Ziba chini kwa matawi membamba yaliyolazwa, wao hawapiti juu wanapita chini.

*Mwaka wa nne na mbuzi bado wanapita.* Hapo ni kawaida kuwa hukukata kichwa. Kata sasa hivi mvua ikianza, ndio utachelewa mwaka mmoja lakini chini patafunga. Kwa kawaida fensi iliyokatwa vizuri inazuia mbuzi mwaka wa nne, ng'ombe mapema kidogo.

*Kuna pengo moja na kila mche ninaoweka hapo unakufa.* Miche mikubwa ya pembeni inaunyang'anya maji. Usihangaike kupanda mwingine, chukua tawi refu la jirani lililo hai, lilaze chini livuke pengo, lifunge kwenye kigingi kwa kamba, na juu yake suka la upande wa pili likija kinyume. Msimu mmoja tu machipukizi yatasimama kutoka kwenye hayo matawi yaliyolala na pengo litafungwa na vichaka vilivyopo.

*Fensi imenenepa imekula njia.* Pogoa upande huo mpaka nusu mita kutoka kwenye shina, maua yakishaisha, na matawi uliyokata usiyachome, ndiyo ya kuzungushia miche ya upande unaofuata.